Siku Niliyompiga Tajiri Rula Msibani

Mpaka leo nikipita Kihonda upande ule wa viwanda navuta mtandio mpaka puani, maana wapo wanaonikumbuka kama yule mama aliyempiga tajiri wake rula mbele ya jeneza, na nikisema ni uongo nitakuwa nawadanganya, nilimpiga kweli, tena padri anaona. Chekeni basi, mkimaliza niwasimulie, kwa sababu kinachoniuma zaidi katika habari hii si ile aibu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine, na kiwanda chetu kidogo cha kushona sare nacho kikapata tajiri, na tajiri akaja na msimamizi wake, Bwana Klementi, kutoka Tabora. Mimi nilikuwa mkaguzi wa meza ya mwisho, ndiye ninayetazama vifungo na mishono kabla nguo hazijafungwa, kwa hiyo nilikaa mahali pa kuona kila kitu, na nilichokiona ni kwamba Bwana Klementi alikuwa anapiga watu. Ukikosea mshono, kofi la kisogoni. Ukichelewa kutoka chooni, rula ya mgongo, ile rula ndefu ya mbao ya kupimia vitambaa, anatembea nayo kutwa kama mwalimu wa darasa la pili (na wengine wetu pale tulikuwa na wajukuu). Mtu akinuna, yeye anacheka. "Ah, mimi Mnyamwezi bwana, ninyi Waluguru watani zangu. Mtani anakasirika?"

Na sisi tukanyamaza. Mnajua wenyewe utani wetu na Wanyamwezi ulivyo, mtani anaweza kukuita mtumwa wake, akakubebea kuku wako na kuondoka naye, na wewe ukikasirika ndiye unayeonekana hukufunzwa kwenu. Basi mtu anapigwa kofi mpaka machozi yanamlengalenga, halafu anajilazimisha kucheka ili asionekane hana adabu. Nikikumbuka vile vicheko damu inanichemka.

Halafu ikaja siku ya Salima. Salima alikuwa binti kutoka kule Matombo, mama wa mtoto mchanga, hakuna aliyeshona haraka kama yeye, na tulilipwa kwa idadi ya nguo, kwa hiyo vidole vyake ndivyo vilivyokuwa chakula cha mtoto. Uzi ulikatika, akainama kuuunga, Bwana Klementi akaona anazembea, akamshushia rula mkononi. Kidole cha shahada kikavimba akawa hawezi kushika hata kitambaa. Nikampeleka kwa afisa utumishi, kijana msomi, tai shingoni, akautazama ule mkono kidogo kisha akatazama dirishani.

"Mama Shukuru," akaniambia, "hayo mambo ya utani wa makabila yenu ofisi haiwezi kuyaingilia. Mwache apumzike nyumbani. Akipona atarudi, kama nafasi itakuwepo."

Kama nafasi itakuwepo! Nikamtoa Salima mle ofisini, nikamsindikiza mpaka getini.

Haikupita muda Bwana Klementi akafiwa na baba yake mdogo, aliyekuwa amekuja kwake kutibiwa. Tajiri akafunga kiwanda, tukakodiwa lori, twende wote msibani. Ndipo shetani aliponinong'oneza, tena kwa Kiluguru safi. Kwani mtani akifiwa uwanja si wa watani? Naruhusiwa kuvaa koti lake, kumwigiza mbele ya ndugu zake na mbele ya tajiri, nionyeshe kila anachotufanyia, na kwa sheria yake mwenyewe hana ruhusa ya kukasirika. Basi nikaitoa ile rula kwenye msumari wake, nikaificha ndani ya kanga. Ni hilo tu nililoamua, kubeba rula, mengine yote yalijileta.

Salima alikuwepo kwenye lori, akaiona. "Mama Shukuru, achana naye, nakuomba. Mimi nataka kurudi kazini tu."

"Utarudi," nikamwambia (kana kwamba kiwanda ni cha baba yangu).

Tulikuta uwanja umejaa, jeneza liko chini ya turubai, padri anajiandaa, wakubwa wetu wamekaa mbele wanapewa chai. Koti la Bwana Klementi lilikuwa limetundikwa kwenye kiti, nikalivaa, likagoma kufunga tumboni, nikatoa rula, nikalisogelea jeneza. "Nani kamruhusu huyu kulala saa za kazi?" Wenzangu wa kiwandani wakaangua kicheko, maana sauti waliijua. Nikapata kichwa. Nikampa afisa utumishi kofi la kisogoni, "Wewe, choo kina asali?", nikahamia kwa tajiri, "Mshono umepinda huu!", nikamshushia rula begani. Nilikusudia kumgusa tu, wallahi, lakini mkono ulikuwa na hasira zake, ukashuka na zote, na chai yote ikammwagikia kwenye suruali.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba upande wa wafiwa hakuna aliyecheka. Bibi mmoja mzee, dada wa marehemu, akasimama mkekani.

"Huyu mama ni mgonjwa?"

"Hapana, bibi," mwenzangu mmoja akamjibu, "ni mtani wenu. Mluguru."

"Mtani wetu kwa lipi? Sisi ni Wafipa, tumetoka Sumbawanga."

"Lakini Bwana Klementi si Mnyamwezi?"

"Klementi alisoma Tabora tu."

Nikamgeukia Bwana Klementi, naye anatazama viatu vyake. Kumbe mwaka mzima mtu yule alikuwa amejichagulia kabila la kutupigia, na sisi tumemchekea. Nami nimesimama na koti la watu, namfokea marehemu wa watu nisiyemjua hata jina. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Na hiyo rula?" bibi akauliza.

"Ndiyo anayotupigia kazini, shikamoo bibi," nikajibu (salamu ndiyo kwanza ninaikumbuka). "Alituambia ni utani. Nisamehe. Mimi nimedanganywa, lakini ninyi nimewakosea."

Akamgeukia Klementi. Klementi hakukana. Bibi akaichukua rula mkononi mwangu akasema, "Vua koti, mwanangu, ukae. Tuzike kwanza." Nikakaa, nikalia kilio cha kweli kuliko cha wafiwa.

Jumatatu asubuhi, hata mashine hazijapata moto, nikaitwa. Kikao kamili, tajiri, afisa utumishi, mpaka mwenyekiti wa tawi la chama cha wafanyakazi ambaye tulidhani amehama mji, na maandazi mezani. Tajiri alikuwa na cheti cha daktari kuhusu bega. Afisa utumishi akakohoa akasema kampuni haivumilii kabisa mfanyakazi kumpiga mtu, iwe kwa hasira au kwa utani.

Nilitoka, nikaenda getini ambako Salima alikuwa amekaa na mwanawe kusubiri kama nafasi imepatikana, nikaja naye, nikamwambia aweke mkono juu ya meza, pale penye maandazi.

"Bega limepata kikao siku ya kwanza ya kazi," nikasema. "Huu nao mnauitia lini?"

Hakuna aliyeendelea kula.

Mimi nilifukuzwa, msije mkadhani nilishinda. Klementi alihamishiwa ghalani kukaa na majora ya vitambaa, na ukutani likabandikwa tangazo kwamba ni marufuku mtu kumpiga mtu humu, hata kwa mzaha, tangazo zuri sana, lililozaliwa na bega la tajiri. Salima alirudishwa, lakini kidole hakikunyooka tena, akapewa kazi ya kukunja nguo, malipo nusu.

Basi nimeapa, sitatia mguu kwenye utani wa msibani kabla sijawauliza wafiwa wenyewe kwao ni wapi. Ila nikisikia mtu anapigwa kazini, hapo siulizi kabila la mtu.