Lenzi ya Kuipita ya Kalekye

Safiya na Kalekye walianza kupiga picha za harusi pamoja Machakos mjini, wakitumia kamera moja kwa zamu. Baadaye kila mmoja alifungua studio yake, na urafiki ukaendelea vizuri hadi Kalekye alipotumiwa lenzi na kaka yake aliye Kanada. Ilikuwa nyeupe, nene kama mkono wa mtu. Safiya aliishika, akaisifu, akairudisha. Usiku huo alihesabu akiba yake mara mbili.

Wapiga picha wa mjini walipopanga safari ya mbuga ya Amboseli, Safiya alikwenda kwa Zubair, muuzaji wa kamera za mitumba. Zubair alimwekea lenzi ndogo nyeusi mkononi.

"Chukua hii, dada. Inapiga karibu, inapiga mbali. Kwa pesa uko nayo hutapata bora."

"Ile ya Kalekye ni ya ngapi?"

"Milimita mia nne. Ni ya kuvuta vitu vya mbali."

"Basi nataka ya kuipita."

"Hiyo huwezi kununua. Labda ukodishe, na akiba yako yote iishe kwa safari moja."

"Nitafutie ya kukodisha."

Kule Amboseli ilibidi aipakate lenzi aliyokodi kama mtoto mchanga. Alifurahi kuona Kalekye akiitupia jicho mara mbili. Kisha ndovu wakatoka kwenye kinamasi na kuvuka barabara mbele ya gari lao, karibu kiasi cha kusikia majani yakisagika mdomoni. Wote wakapiga picha. Safiya alipochungulia aliona ukungu wa kijivu tu. Ndovu walikuwa karibu mno kwa lenzi ile.

Kalekye alimnyooshea lenzi yake nyingine. "Tumia hii yangu ndogo, Safi. Itaingia kwa kamera yako."

"Niko sawa."

"Wataenda!"

"Nimesema niko sawa."

Wakaenda.

Mchana walishuka garini penye kilima ambapo wageni huruhusiwa kutembea. Kalekye alitangulia kupanda. Safiya alibaki chini na hasira zake, akaelekeza lenzi juu bila kujua anatafuta nini. Mawingu yalikuwa yamepasuka. Kilimanjaro ilisimama wazi, na mbele yake Kalekye alikuwa akicheka peke yake, kilemba kikipigwa na upepo. Safiya akabonyeza. Alijua papo hapo kwamba hajawahi kupiga picha nzuri kama ile.

"Umenipiga?" Kalekye aliita kutoka juu. "Nitumie basi!"

"Nitatuma."

Hakutuma. Kila wateja walipotoka studioni aliifungua picha ile na kuitafutia kasoro. Kama pale juu angekuwa mtu mwingine yeyote, Safiya angeitundika ukutani. Mwishowe aliituma bila neno.

Kalekye aliiweka mtandaoni siku hiyo hiyo, akaandika kwa herufi kubwa kwamba aliyeipiga ni rafiki yake Safiya. Safiya alisoma maoni yote, moja baada ya lingine. Karibu kila mtu aliandika kwamba Kalekye amependeza.