Yatima Niliyemchora Yeoville

Mwaka 2015 nilikuwa nakaa Yeoville, mtaa wa Johannesburg, Afrika Kusini, katika chumba kimoja juu ya saluni ya Wakongo wenzangu. Nilijipatia riziki kwa kuchora vibao vya saluni: vichwa vya wanawake waliosukwa, vichwa vya wanaume walionyolewa. Picha za moyo wangu nilizichora Jumapili baada ya ibada, na hakuna aliyewahi kuziulizia.

Wa kwanza kuziulizia alikuwa Mkenya mmoja, daktari wa wanyama tuliyeimba naye kwaya. Alikuwa amerudi kutoka Borneo, kisiwa cha mbali Asia, alikojitolea kwenye kituo cha kulelea orangutani yatima, wale sokwe wakubwa wenye manyoya mekundu. Tukiwa bado nje ya kanisa alinipa simu yake nitazame picha.

"Dada, misitu ya kule inachomwa ili wapande michikichi," alisema. "Mama akiingia shambani kutafuta chakula, wanampiga risasi. Mtoto huwa hamwachii hata akiwa maiti. Inabidi wambandue kidole kimoja kimoja."

Aliniomba nichore wale yatima kwa ajili ya onyesho katika jumba la ofisi Marshalltown, katikati ya jiji, na mapato yote yaende kituoni. Nilikubali kwa sababu ya mmoja wao, dume mchanga aliyeokotwa kwenye moshi. Alikuwa na risasi ndogo begani na alikuwa ameng'ang'ania taulo. Nyumbani Bukavu nimekula mawese, mafuta ya michikichi, tangu sijaota meno, lakini sikuwahi kufikiri kwamba mchikichi unaweza kupandwa juu ya kaburi la mtu yeyote. Niliandika "mtu" hapa bila kukusudia, na nimeliacha lilivyo.

Nilikuwa bado nahangaika kuchora mkono wa yule yatima, ndipo mdogo wangu wa kiume alipofika. Alikuwa na spaza, kiduka cha mtaani, huko Soweto. Alipanda ngazi mchana, shati lake likinuka mafuta ya taa, akakaa sakafuni.

"Wamechoma," alisema.

"Nani?"

"Wateja."

Majuma yale maduka ya wageni kama sisi yalikuwa yakiporwa na kuchomwa. Nilimtandikia godoro mahali pekee palipokuwa na nafasi, mbele ya picha.

Kesho yake aliamka akaitazama. "Yaya," aliniita, kwetu ndiyo dada mkubwa, "unachora nyani?"

"Ni yatima. Mama yake aliuawa."

"Na sisi nani anatuchora?"

Niliosha brashi zangu.

Kwa majuma alilala pale, akitoka kwenda chooni tu. Kanisani watu waliniuliza taratibu kwa nini nahangaikia wanyama wakati ndugu zetu wanalala kwenye mahema, na niliona wana haki ya kuuliza. Hata hivyo nilirudi kuchora. Kusimama na brashi ndicho kitu pekee nilichojua kufanya siku zile.

Asubuhi moja mdogo wangu aliuliza yatima wale wanavyolelewa. Nikamweleza kama nilivyoelezwa na daktari: kuna wanawake wanaowabeba mgongoni, kisha wanawafundisha kupanda miti, kutambua matunda, kujitandikia matawi ya kulalia kila jioni. Yote ambayo mama angewafundisha.

"Na asiyeweza kujifunza?"

"Hukaa kizimbani mpaka afe."

Aligeukia ukutani. Baadaye aliniomba ile picha ya kwenye simu, akaitazama muda mrefu, akatazama na ya kwangu.

"Macho umeyakosea," alisema. "Umempa macho ya kuomba. Huyu haombi kitu tena."

Niliyafuta macho yale nikayachora upya, yeye akiwa amekaa nyuma yangu. Nilipomaliza, aliitikia kwa kichwa, akaenda kulala.

Siku chache kabla ya onyesho, daktari alikuja. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Yule dume mchanga amefariki," alisema. "Mapafu. Moshi ulikuwa umeshamwingia."

Mdogo wangu aliinuka, akampa kiti chetu kimoja, akamwambia pole. Nikachemsha chai. Tuliketi watatu kama watu wanavyoketi msibani.

Mwandaaji wa onyesho alituomba tusiitaje habari hiyo. Wageni wanataka tumaini, alisema. Basi watu walikuja na bilauri zao, wakasimama mbele ya picha zangu, na picha zikanunuliwa. Mbele ya yule mtoto mama mmoja aliniuliza kwa upole: "Huyu ameshapona? Amerudi msituni?"

Nilisema, "Alikufa."

Aliniomba radhi, akasogea kwenye picha nyingine. Ile ya mtoto haikununuliwa, na mwandaaji hakuniaga.

Mdogo wangu aliondoka Johannesburg mwaka uliofuata. Nilimsindikiza kupanda basi. Nilimkumbusha kwamba kwetu nako kuna bunduki.

"Eish, yaya," alisema. "Nimechoka kuogopa katika lugha ya wenyewe."

Alifika Bukavu salama. Alikaa kidogo kwa mama, kisha akaenda kwenye machimbo ya dhahabu, na tangu hapo simu yake haipatikani. Tumeuliza kwa wachimbaji, kwa madereva, kwa mapadri. Mmoja alisema alimwona. Mwingine alisema shimo liliporomoka, lakini hakujua ni akina nani waliokuwemo.

Daktari alirudi Borneo. Niliendelea kumchorea hadi 2019, naye alinitumia habari: wawili wameanza kupanda, mmoja ameugua, jike mmoja ameachiliwa msituni na hajaonekana tena. Sikuzote nilimwuliza wale wasioonekana wanahesabiwa wapi, na hakuwahi kunidanganya. Alisema hawajui.

Mama hunipigia kila Jumapili. Huanza na afya yangu, kisha kazi, kisha anauliza kama nimesikia chochote. Humwambia bado. Husema sawa, tukae tukiomba, halafu hakati simu, nami nakaa naye mpaka laini ikatike.