Afishi Yangu ya Kupinga Kujichubua

Mimi huchora afishi, mabango ya matangazo, hapa Uvira, na mafuta ya kujichubua yananikasirisha mno. Duka moja liliponiomba niyatangaze, nilikataa kwa makelele. Nikatengeneza afishi yangu mwenyewe: "Ngozi yako ni nzuri ilivyo." Nikaweka picha ya Mama Neema, muuza samaki wadogo wa ndagala wa mtaa wa Mulongwe, aliyenikubalia kwa furaha. Picha ilikuwa na giza, basi kwenye kompyuta nikaiongezea mwangaza, kisha nikaongeza tena.

Siku ya kuibandika sokoni, niliwafokea wanawake: "Muache kujidharau!" Mama Neema akasogea, akaikazia macho afishi.

"Mwanangu," akauliza mbele ya wote, "huyu muntu mweupe iko nani? Kumbe ni weye umenichubua!"