Utupa Usiochemshwa

Miaka michache iliyopita mama alihama Kyerwa akaja kuishi nami Bugene. Alikuja na furushi la nguo na chupa ya maji ya lita moja na nusu, imejaa maharage yaliyochanganywa na majivu. Maharage yenyewe yalikuwa madogo, rangi ya maziwa, na michirizi myekundu karibu na kitovu cha punje. Aliyapanda tangu alipoolewa. Majirani zake walikwisha kuhamia aina kubwa zinazouzika upesi, na msimu aliougua hakupanda kabisa, kwa hiyo yaliyobaki ni hayo ya kwenye chupa.

Niliyapanda yote.

"Hukubakiza?" aliniuliza.

"Sikubakiza, mama."

Akaendelea kumenya ndizi.

Yalipokaribia kutoa maua, vidukari weusi wakaingia. Walijaa chini ya majani na kwenye vichipukizi kama masizi ya sufuria. Nilitaka kwenda Kayanga kununua dawa, mama akakataa. Alisema mbegu ile haijazoea dawa za dukani, na kwamba utupa upo palepale mpakani mwa shamba. Ni kichaka ambacho wengi kwetu hukipanda kufukuza fuko.

Mimi ni mtu wa vipimo. Shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe kwa kupima na kuandika. Nikachuma majani kilo moja, nikatia maji lita tano, nikachemsha saa nzima. Sikuona haja ya kuuliza. Utotoni homa ilipotushika, mama alichemsha majani ya mubirizi, ule mti mchungu ulioota nyuma ya jiko letu na la kila jirani. Kadiri maji yalivyochemka ndivyo uchungu ulivyotoka. Tulipanga mstari mbele ya kikombe kimoja cha bati, na aliyekunywa bila kukunja uso alipewa ndizi mbivu. Mdogo wangu alijifunza kucheka huku akimeza. Mimi sikuipata ndizi ile hata mara moja. Harufu ya mvuke wa mubirizi bado naijua kuliko harufu ya chakula chochote cha wakati ule.

Basi nikapulizia maji yangu yaliyochemka. Siku ya tatu vidukari walikuwa wengi zaidi, na mistari miwili ya maharage ilikuwa imejikunja majani.

Asubuhi hiyo alipita jirani, mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi, anayelima shamba la pili kutoka letu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo uone mwanangu alivyowapikia vidukari chai."

"Chai! Sukari aliweka?"

"Angeweka wangehamia ndani ya nyumba."

Walicheka mpaka jirani akaegemea jembe. Nilisubiri wamalize, nikamuuliza mama kama yeye huwa hachemshi.

"Mubirizi ni wa mtu," alisema. "Mtu ana tumbo, anataka cha moto. Utupa ni wa mdudu. Ukiupika umeuua mwenyewe, utamuua nani tena?"

Mchana akanielekeza. Tuliponda majani mabichi juu ya jiwe, si kwenye kinu cha karanga. Tukayaloweka katika maji baridi hadi kesho yake alasiri, tukakamua kwa kipande cha kitenge, tukakwangulia sabuni ya mche ili maji yashike kwenye jani. Nilimuuliza kiasi cha maji.

"Ukitumbukiza mkono, usikione kidole."

Nilipima kwa siri, nikaandika daftarini. Nimerudia kipimo hicho mara nyingi tangu hapo. Mara nyingine hufaa, mara nyingine hapana, kwa sababu kidole changu si kidole chake, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Tulipulizia jua lilipopoa, tukianzia chini ya majani. Ndoo alitaka ioshwe mbali na kijito. Kwao walikuwepo watu waliomwaga utupa majini ili samaki waelee, na hakupenda hata kuwataja. Baada ya siku nne tukarudia. Vidukari wakakauka, wakawa vumbi linalopeperuka ukigusa shina. Ile mistari miwili haikupona, lakini minne iliyobaki ilitoa maua.

Siku ya kupura mama alikaa kwenye mkeka, akachambua punje mojamoja. Zilijaa bakuli, na kidogo zaidi. Mimi nilikuwa nimeota katogo ya utotoni, ndizi na maharage yale yale, mchuzi wake ukigeuka mwekundu hafifu. Nikamwomba tupike konzi moja tu.

"Hapana," alisema, bila kuinua macho.

Kisha akamwita jirani, akamgawia nusu nzima ya bakuli kwenye ncha ya kanga yake.

"Bibi, zote hizi? Nanyi mpande nini?"

"Tunayo ya kupanda. Mbegu hiyo uitunze vizuri," mama akasema, akininyooshea kidevu. "Huyu akichemsha tena, nitakuja kwako kuomba."