Mwaka Tulioshangilia Mchezo wa Pawa

Wiki iliyopita kazini walinituma Jebel Ali kuangalia shehena ya vigae iliyofika ikiwa imevunjika. Nikashuka treni, nikachukua teksi, dereva akaniteremsha mbele ya ghala jipya la bati jeupe. Nilikuwa nishaingia ndani, nishavaa kofia ngumu waliyonipa mlangoni, ndipo nilipouona ng'ambo ya barabara ule msikiti mdogo wa wafanyakazi, wenye birika za kutawadhia zilizopangwa nje. Nilijua pale nilipo. Ghala lile limejengwa juu ya uwanja wa nyasi za plastiki, na katika uwanja ule watu wa nyumbani kwetu walipoteza sauti kwa kushangilia mchezo ambao hakuna hata mmoja wetu aliyeuelewa.

Sijui kama wewe, rafiki yangu, umewahi kuiona lakrosi. Wanaume hukimbizana na fimbo zenye wavu mdogo mwishoni, wakirushiana kijipira kigumu kisichozidi ndimu kubwa, na shabaha ni kukitia golini. Huvaa kofia zenye vyuma usoni na glavu nene, na huruhusiwa kupigana vikumbo mpaka mtu aende chini. Kaka yangu aliupata mchezo huo chuoni. Siku aliyoileta fimbo nyumbani, Bibi, aliyeondoka Unguja akiwa mwari na ambaye michezo aliyoijua ni bao na karata tu, aliishika, akaigeuza huku na huku, akasema, "Huu si upawa huu?" Basi. Tangu siku hiyo nyumba nzima tukauita mchezo wa pawa. Kaka alikuwa mlinda lango, na kwa kuwa fimbo ya mlinda lango ina wavu mpana kuliko za wenzake, Bibi alisema ule wake ni upawa wa shughuli, wa kupakulia biriani la harusi.

Tulikaa Al Baraha, katika jengo la zamani ambalo viyoyozi vyake viliunguruma mchana na usiku na kuwadondoshea maji wapita njia. Baba alikuwa mshika stoo katika duka la vipuri vya magari, na sote tulikaa nchini kwa karatasi zake: Mama, Bibi, kaka na mimi. Watu hudhani aliyezaliwa Dubai ni wa Dubai. Siyo. Sisi wawili tulizaliwa hapa, lakini kwa sheria ya wakati ule mtoto wa kiume akishakuwa mtu mzima baba yake alimdhamini maadamu anasoma tu. Akimaliza masomo, apate mwajiri wa kumwekea viza au afungashe. Binti, kama mimi, hukaa kwa baba yake mpaka aolewe. Nilikuwa darasa la tano, na hayo niliyajua vizuri kuliko jedwali la kuzidisha, maana kaka alikuwa mwaka wa mwisho wa chuo na mezani hapakuwa na mazungumzo mengine. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," Bibi alipenda kusema. "Sisi jembe tushapewa, tushalima, na wageni ndio vile vile."

Kaka alikuwa ameshaomba kazi kila mahali, kuanzia hoteli za Marina hadi maghala ya Jebel Ali. Kila alikokwenda walimwambia watampigia simu. Ndipo kocha wake, mwalimu wa hesabu kutoka Kanada ambaye jua la hapa lilimfanya uso kuwa mwekundu kama nyanya, alipomwita pembeni. Wakubwa wa chuo, alisema, wanafikiria kuifanya timu iwe ya kudumu na kuajiri kocha msaidizi. Timu ikichukua kombe la vyuo mwaka huu, nafasi hiyo atamwombea kaka. Kazi ya chuo, na viza ya chuo. Kaka alilileta neno hilo tukiwa tunakula. Baba aliacha kutafuna. Mama akamtazama kaka, akauliza, "Kombe lenyewe linachukuliwaje?"

Hivyo ndivyo tulivyogeuka mashabiki. Siku hizo mapumziko yalianza Ijumaa, na baada ya sala Baba aliazima gari la rafiki yake tukaelekea Jebel Ali. Mama alikuwa ameamka alfajiri kukanda unga wa maandazi na kukaanga katlesi za timu nzima, kwa sababu hakuweza kuona vijana wa watu wakicheza na njaa. Kazi yangu ilikuwa kufunga sambusa kwa uji wa ngano, na zangu hazikuacha kuvuja. Baba na Mama walisimama kando ya mstari. Bibi alibaki garini, kioo amekishusha, tasbihi mkononi, kanga ya pili ameitanda puani kwa ajili ya vumbi. Nyuma ya uzio makontena yaliteremshwa na mashine siku kutwa, kila moja kwa mshindo wake, na upepo ulinuka dizeli. Mpaka leo nikisikia kontena likitua hunijia ladha ya ukwaju, maana ndiyo juisi niliyokuwa nikigawa.

Mechi za mwanzo walifungwa, tena vibaya. Kaka alirudi mwili umejaa madoa ya zambarau, maana kile kijipira kikimpata mtu hakimchezei, na Bibi alimlaza mkekani akamkanda kwa mafuta ya nazi na binzari. Hakuuliza mabao. Aliuliza tu, "Leo kimekupata wapi?" Mama alikuwa chumba cha pili akijifanya anakunja nguo, nami niliyekuwa pale nilimsikia akisema peke yake, "Ya Rabi, Unguja mwanangu hamjui mtu."

Halafu Bibi akaingia kazini. Usiku wa kuamkia mechi alichukua jezi ya kaka, akaitandaza juu ya chetezo, akaifukiza udi huku akisoma anayoyajua yeye. Kesho yake timu ikashinda. Nahodha wao, Mlebanoni mmoja mwenye maneno mengi, akaapa kwamba ni ule moshi. Wiki iliyofuata alifika mlangoni kwetu na mfuko mzima wa jezi, akavua viatu, akamwambia Bibi kwa Kiarabu, "Hajja, zote, tafadhali." Sebule iligeuka kama nyumba ya bwana harusi. Timu ya Sharjah ilipotukuta uwanjani ikanusa harufu ile, wakacheka, wakauliza harusi ni ya nani. Walifungwa.

Walishinda tena, na tena. Nakwambia, sijamwona Baba akiwa vile kabla wala baada. Mtu ambaye nyumbani hakupandisha sauti hata akikanyagwa, kule uwanjani alikimbia kando ya mstari na viatu vyake vya kazini akipiga kelele, "Yalla, yalla! Upawa juu! Juu, mwanangu!" Dukani aliwachosha wenzake kwa habari za lakrosi. Kocha alimwambia kuwa siri ni uzoefu: karibu timu yote ilikuwa ya vijana wa mwaka wa mwisho, waliocheza pamoja tangu waingie chuo. Neno hilo Baba alilibeba. "Timu imekomaa," aliwaambia watu kwenye lifti, kwenye foleni ya mkate, popote. "Timu yetu imekomaa."

Siku ya fainali tulimchukua na jirani yetu, mama mmoja wa Mombasa aliyekuwa akiuza mabuibui Deira. Yeye na Mama walikuwa mashoga wa kugombana. Mama akisema maandazi yeye husema mahamri, na hilo peke yake liliwapeleka kutoka Al Baraha mpaka Jebel Ali. Mechi yenyewe sina la kukusimulia. Ilikuwa rahisi. Wale wengine walikuwa wavulana tu, hata ndevu hawajaota, na vijana wetu waliwazunguka watakavyo. Kaka golini alifikiwa mara chache tu. Kipenga kilipolia Mama aliketi chini palepale kwenye zile nyasi za plastiki, akajifunika uso kwa ushungi, akalia. "Nimempata mwanangu," alisema. "Alhamdulillahi, nimempata mwanangu."

Wachezaji walimbeba kaka juu juu. Kocha alikuwa akicheza dansi la ajabu. Tulifungua mabakuli, na jirani yetu wa Mombasa akachukua sambusa, akawatazama wale vijana wakirukaruka na kombe, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Hongereni jamani. Lakini nauliza tu, hawa wote si wamaliza chuo mwaka huu? Sasa huyu mwanenu, mwaka ujao atamfundisha nani?"

Alikuwa amesema kwa Kiswahili, kwa hiyo wale wengine hawakujua kumesemwa nini, wakaendelea kuimba. Baba alikuwa akipiga makofi, na makofi yakapungua mpaka yakawa hayasikiki. Mama alimtazama shoga yake kwa hasira, nami nikamchukia yule mama siku ile, ingawa kosa halikuwa lake. Sisi ndio wenye kuijua Dubai. Kila kiangazi darasani kwangu viti vilibaki vitupu, na Septemba viliketiwa na wengine. Tulijua kuliko mtu yeyote kwamba katika mji huu kila mtu ana siku yake ya kuondoka. Na bado mwaka mzima tulifurahia kwamba timu imekomaa, bila kujiuliza kikomaacho hufuatiwa na nini. Hatukuona kwa sababu hatukutaka kuona.

Kabla ya mitihani chuo kiliwauliza wanafunzi waliobaki nani atacheza mwakani. Walitaka mpira wa miguu, na wengine kriketi. Waliojiandikisha kwa lakrosi hawakutosha hata kupasiana. Kocha alikuja nyumbani mwenyewe kutuambia, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Aliketi nasi mkekani, magoti yamemshinda, sahani ya pilau mbele yake, akamwita Mama "madam", akasema timu imevunjwa, kombe litawekwa kwenye kabati la ofisini, na mkataba wake mwenyewe haukuongezwa. Alirudia kuomba radhi mpaka ikawa kama yeye ndiye mfiwa. Kaka ndiye aliyemnyamazisha. "Khalas, coach, yamekwisha," alimwambia. "Kula, chakula kitapoa."

Kaka aliondoka kiangazi kile, joto likiwa la kufanya vitasa vya milango viunguze mkono. Wenzake walitangulia mmoja mmoja, Beirut, Karachi, Lagos, kila mmoja kwa wazazi wa wazazi wake. Bibi hakwenda uwanja wa ndege. Alifukiza nguo za kaka moja moja kabla ya kuzitia sandukuni, kisha akaingia chumbani kwake na kufunga mlango, na kaka alimuaga kupitia mlango ule ule. Ijumaa zilizofuata Mama aliendelea kuamka alfajiri, akakaa jikoni bila kukanda kitu. Baba akarudi kuwa mtu asiyepandisha sauti. Nilikuwa mtoto, na nilichokiona ni kwamba nyumba imekuwa kubwa kuliko inavyofaa.

Unguja alipokelewa na ndugu wa Baba, watu wema, lakini watoto wa mtaa walimwita Mdubai, na Kiswahili chake walikiona cha kizee, kwa sababu alikipata kwa Bibi. Sasa anafanya kazi katika hoteli ya kaskazini ya kisiwa, anapokea wageni. Wakimuuliza habari za kwao, huwaeleza aliyoyasoma. Mimi nilibaki, kwa karatasi za Baba, kisha kwa karatasi za kazi yangu, na leo Baba na Mama wako chini ya udhamini wangu. Ule uwanja haupo. Timu haipo, na sidhani kama pale chuoni yuko mtu anayekumbuka kwamba ilikuwapo. Nina uchungu na mji huu, sikufichi, na pia sijui kwengine kwa kuishi.

Bibi alipofariki, viza ya matembezi ya kaka ilichelewa, akafika maziko yameshapita. Nilimpokea uwanja wa ndege. Alikuwa amenenepa kidogo, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri. Tulipanda teksi. Dereva alikuwa kijana wa Kenya, mchangamfu, na aliposikia Kiswahili chetu uso ulimng'aa. Alimtazama kaka kwenye kioo, akaliona begi lake, akasema, "Karibu Dubai, brathe. Ni mara yako ya kwanza, ama?"

Nikafungua mdomo. Kaka akaniwekea mkono juu ya mkono wangu.

"Ndiyo," alisema. "Mara ya kwanza."

"Utapenda," alisema dereva. "Huku makaratasi yako yakiwa sawa, hakuna mtu atakusumbua. Usivuke tu barabara ovyo, utapigwa faini." Njia nzima alimfundisha: hapa Deira, hapa pana chakula cha bei nafuu, pale ndipo Wasomali hukaa. Kaka alikuwa akiitikia. Tulipokaribia nyumbani kijana akapunguza mwendo, akanyoosha kidole upande wa kulia, kwenye hospitali ambayo Mama alituzaa sote wawili.

"Na hiyo ni hospitali," alisema. "Ukiugua, uliza hapo."

Kaka akageuka, akaitazama mpaka ikapita. "Ahsante sana," akamwambia. "Ahsante kwa kunionesha."