Mbwa wa Kuingia Mashimoni

Mbwa mwenyewe hakuwa na umbo la kumtisha mtu. Miguu mifupi, masikio wima, manyoya ya kahawia yaliyosimama ovyo kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Nilimpata kwa mwalimu mmoja wa Kizungu niliyekuwa nikimpikia Upanga. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia masufuria, mapazia mawili na huyo mbwa, kisha akanikalisha jikoni kunieleza ukoo wake kana kwamba ananiletea mkwe.

Alisema ni teria, wa aina iliyotoka milima ya Uskoti, nchi ya baridi na marundo ya mawe. Wakulima wa huko waliwafuga tangu zamani ili wajipenyeze katikati ya mawe kuwatoa mbweha na panya. Ndiyo maana ni wadogo, mkubwa angekwama. Makucha ya mbele ni magumu kwa kuchimba, manyoya ya juu hayashiki maji, na mkia ni mfupi, mnene shinani, ili akishindwa kutoka shimoni bwana wake amshike hapo amvute kinyumenyume. "Ila kumbuka," aliniambia, "akishanusa kitu ardhini, hasikii tena sauti ya mtu." Nikacheka. Nilidhani ni maringo tu ya Wazungu juu ya mbwa wao.

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani Kariakoo, kwa mjane mmoja wa Kiarabu aliyeuza vyakula kwenye duka dogo upande wa mbele. Mimi nimetoka kusini, Mkristo, sina ndugu mjini. Nilipougua malaria yeye ndiye aliyenikorogea uji na kukaa nami. Tangu hapo akaniita mwanangu.

"Shikamoo, Bi Mkubwa," nilimwamkia siku hiyo, mbwa kwapani.

"Marahaba. Na hicho ulichobeba?"

Nikamweleza. Akarudi nyuma hatua mbili, akakusanya nguo zake. "Mwanangu, mate ya mbwa ni najisi. Akilamba chombo changu nikioshe mara saba, na moja kwa udongo. Mgongo wangu huu unaweza?"

Lakini panya walikuwa wametuzidi. Miaka ile tulipanga foleni kwa unga wa njano, nao walikula bila foleni. Mbwa alipomaliza wiki moja, uani kulikuwa kimya, na Bi Mkubwa akatoa masharti mwenyewe: asikanyage ukumbini, asisogelee mtungi, asiguse chombo. Niliyashika masharti hayo kuliko alivyotarajia. Nilijivuna kwamba mimi, mla nguruwe, namlindia mama wa Kiislamu usafi wake.

Sabuni nayo ilikuwa imeadimika. Hata hivyo kila siku yangu ya kufua Bi Mkubwa alinipenyezea kipande, amekifunika kwa ncha ya kanga. Sikuuliza kinatoka wapi. Nilifua, nikanyamaza.

Ndipo ukaja msako wa wanaoficha bidhaa. Asubuhi moja waliingia askari wawili na balozi wetu wa nyumba kumi. Wakapekua duka, dari, uvungu wa vitanda. Masufuria na sahani zote za Bi Mkubwa wakazitoa nje, zikatapakaa uani. Hawakupata kitu. Mbwa, kwa fujo ile, akawa anarukaruka katikati ya vyombo, nami nikaona aibu: mama wa watu anapekuliwa, halafu mbwa wangu amnajisie na sahani. Nikamkamata, nikamfunga mahali pekee pasipokuwa na chombo, kwenye banda la kuni.

Bi Mkubwa alifumbua kinywa, akafumba. Nilidhani ananishukuru.

Mbwa alinusa mara moja tu, akaanza. Nikamwita, wapi. Udongo ukamrukia askari aliyekuwa tayari anatoka, akageuka akicheka. Nikakimbia, nikamshika mkia kama nilivyofundishwa, nikavuta. Akatoka na panya mdomoni. Nyuma yake, shimoni, lilionekana gunia lililotobolewa na miche ya sabuni iliyotafunwa. Askari akaacha kucheka. Walichimba kwa jembe langu, wakatoa sabuni, sukari na mchele.

"Na wewe," askari akaniuliza, "unamjua huyu mama?"

Bi Mkubwa alikuwa anatazama chini. Juu ya kichwa changu, kwenye kamba, nguo zangu zilikuwa zinakauka, zimetakata kwa sabuni ile ile.

"Mimi mpangaji tu," nikasema. "Zaidi ya hapo simjui."

Niliogopa, sina neno jingine. Wakamchukua. Miezi ikapita na duka limefungwa, na kila nilipofagia uani nilijizoeza maneno nitakayomwambia akirudi.

Alirudi mchana, amekonda, buibui limepauka. Akaketi kwenye kizingiti cha uani bila kuniangalia. Kabla sijafungua kinywa, mbwa, ambaye siku hizo nilikuwa simfungi, alimkimbilia akamlamba miguu. Nikamtoa mbio, nikaleta ndoo ya maji na konzi ya udongo, nikapiga magoti mbele yake.

"Nikuoshe, Bi Mkubwa. Nisamehe. Mbwa huyu nitamfukuza leo hii."

"Kwa kosa gani?" Sauti yake ilikuwa ya taratibu. "Alisikia panya, akachimba. Ndiyo kazi yake. Hakuna aliyemuuliza kama ananijua."

Akauchukua udongo mkononi mwangu, akaivuta ndoo kwake, akaanza kujiosha mwenyewe. Nikabaki nimepiga magoti mpaka ikafika mara ya saba.