Alasiri ya Hiasinti

Juzi nilinusa ua la hiasinti katika duka moja la Grant Street, huku ughaibuni, nikakumbuka alasiri Mama aliporudi nayo kutoka kwa bibi mzee aliyekuwa akimtunza kazini. Harufu yake ilijaa jikoni. Nikamsimulia habari za shuleni: Wagiriki wa kale walimwomboleza kila mwaka kijana aliyeuawa na kisahani cha kurusha michezoni cha rafiki yake, mungu Apolo, upepo ulipokipotosha. Damu yake ikawa ua hilo.

Nje upepo ulivuma, na kaka yangu Baraka alikuwa uwanjani akirushiana sahani ya plastiki na wenzake. Nikachungulia dirishani.

“Na mama yake?” Mama akauliza.

“Mwalimu hakusema.”

“Bon,” akasema kwa Kifaransa, kama kusema ‘haya basi’.

Akatoka na kandambili kwenye baridi, akamrudisha Baraka, mzima, amenuna. Nilidhani ameiogopa hadithi ya ua. Sikujua bado kwamba kule kwetu Minembwe, kabla hatujazaliwa, alimzika mwanawe Elia.